Boti ya matanga ikitoka Dar kwenda Unguja makaratasi yanaanza upya? Wajuzi wa bandari mje

#1 Chelezo
Wakuu salaam. Kuna boti ya matanga ya futi 38, bendera ya Ufaransa, ndani mume na mke tu, inatoka Mayotte, kisiwa cha Ufaransa kule Komoro, na inaingia Dar wiki ijayo. Mimi ndiye wa kuwazungusha ofisini. Meli za mizigo nazijua, yoti sijawahi kushika. Ratiba yao ni Dar, wiki mbili Msasani, halafu Unguja, Pemba, watokee Tanga.

Swali kubwa: wakishagongewa kila kitu Dar, kwa nini wanaambiwa wakifika Unguja waripoti tena wakati ni nchi moja? Swali dogo ni gesi, maji na dizeli, maana mama mwenye boti ameshanitumia meseji nyingi za mtungi kuliko za viza.

#2 Pweza Mkavu
Nimeweka kambi. Wenye bahari yao waje.

#3 Karani Mstaafu
Chelezo, anza na karatasi kabla ya ofisi. Andaa kopi sita za kila kitu: orodha ya mabaharia, hati ya usajili wa boti, bima yake, kurasa za picha za pasi, na kibali cha kuondoka bandari ya mwisho. Hicho cha mwisho ndicho kinachoangusha wengi. Boti ya Kifaransa ikiwa Mayotte iko kwao, nahodha anaweza kujiondokea bila kuaga ofisi yoyote, akifika huku anaulizwa "umetoka wapi?" hana karatasi ya kuonyesha. Waambie leo hii, kabla hawajang'oa nanga.

Fomu ni zilezile za meli, za IMO (shirika la bahari la Umoja wa Mataifa) chini ya FAL, mkataba wa kurahisisha makaratasi ya meli: tamko la jumla, mzigo, akiba ya chombo, mali za mabaharia, orodha ya mabaharia, orodha ya abiria, mizigo ya hatari. Saba hizo. Juu yake kuna Tamko la Afya la Baharini. Kwenye mzigo waandike HAKUNA, wasiache wazi, kisanduku kitupu kinarudisha karatasi nzima. Akiba ya chombo ni lita za dizeli, chupa za pombe, dawa za cheti, roketi za dharura. Urefu uandikwe kwa mita, 11.58. Na waje na muhuri. Wa mpira tu, wenye jina la boti na namba ya usajili, mafundi wa mihuri wanachonga ukisubiri. Saini tupu inazua maswali, saini yenye muhuri juu yake haiulizwi.

#4 KusiKali
Kabla ya karatasi kuna bendera. Wakiingia maji ya Tanzania wapandishe ya njano, Q, upande wa kulia wa mlingoti. Maana yake chombo kina afya na kinaomba ruhusa. Hakuna kushuka mtu mpaka watu wa afya bandarini wamalize. Baada ya hapo njano inashuka, inapanda ya Tanzania palepale. Kijani kiwe juu upande wa mlingoti, bluu chini upande wa nje. Wageni wengi wanaipandisha kichwa chini na hawajui.

Redio chaneli 16, waite bandari kabla ya kuingia mlango, watapewa chaneli ya kuhamia. Mlango wa Dar ni mwembamba, una pantoni za Magogoni na Kigamboni zinazokatisha na boti za kasi za Unguja zinazotoka na mawimbi yao. Kanuni ya 9 ya kuzuia migongano iko wazi: chombo cha chini ya mita 20 au cha matanga kisizuie chombo kinachoweza kupita ndani ya mkondo tu. Kwa hiyo matanga chini, injini iwake, wabane ukingo wa kulia.

#5 Mwana wa Feri
Mtiririko wa ofisi ni afya, uhamiaji, forodha, bandari. Kutoka unaugeuza.

#6 Karani Mstaafu
@Mwana wa Feri afya kwanza, hilo halina ubishi. Baada ya hapo forodha itangulie. Uhamiaji anaangalia watu na forodha anaangalia chombo, na hao watu wamekuja na chombo. Ukienda uhamiaji kabla chombo hakijatambuliwa unaambiwa rudi na karatasi ya forodha.

#7 Mwana wa Feri
Mzee, na ukienda forodha kwanza unaambiwa rudi na muhuri wa uhamiaji. Inategemea nani yupo mezani.

#8 Dada wa Stoo
Jibu la wote wawili: uliza pale afya bandarini, "nianzie wapi leo?" Watu wa afya ndio wanajua nani yupo na nani katoka. Kitakachobaki kigumu ni kutoka, uhamiaji iwe ya mwisho kabisa. Pasi ikishagongwa ya kutoka, hakuna tena kurudi sokoni kununua vitunguu.

#9 Mtu wa Geti
Mnasahau geti. Kibali cha kuingia bandarini, kitambulisho au pasi, kizibao cha kung'aa na viatu vya kufunika. Mzungu wa yoti anakuja na kaptula na kandambili, anabaki nje nahodha mzima. Hii ni ISPS, kanuni za usalama wa meli na bandari, na boti yao nayo inabanwa nazo.

#10 Karani Mstaafu
@Mtu wa Geti nusu umepatia. ISPS imeanza Julai 2004, lakini kwa meli ni zile za safari za kimataifa: za abiria, na za mizigo kuanzia tani 500. Yoti ya futi 38 haimo. Kinachobanwa ni bandari yenyewe, ndiyo maana geti ni gumu. Mtu akiwadai hao Wafaransa hati ya usalama ya ISPS ya boti, Chelezo mweleze kwa upole kwamba haipo duniani kwa chombo saizi hiyo.

#11 Mtu wa Geti
Sawa mzee, nimeelewa. Viatu lakini vinabaki palepale 😂

#12 Dada wa Stoo
Malipo. Kila tozo ya serikali inakuja na kontrol namba, hakuna kumpa mtu fedha mkononi. Ofisi tatu ni namba tatu tofauti, na kila namba ina tarehe ya kufa, ikipita unaomba nyingine. Unalipa kwa simu au kwa wakala wa benki. Mgeni hana laini ya Tanzania, na laini inasajiliwa kwa pasi na alama za vidole, kwa hiyo siku ya kwanza lipa wewe Chelezo kwa simu yako halafu wakurudishie kwa shilingi. Risiti chapisha, usitegemee meseji. Ofisi inayofuata inataka karatasi ya kubandika kwenye jalada.

Viza waombe mtandaoni kabla ya kuondoka, ya kawaida dola 50. Na wakija wikiendi au sikukuu wajue kuna malipo ya kumwita ofisa nje ya saa za kazi. Nayo yana risiti. Ofisi ni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu, ukifika saa tisa umefika kesho.

#13 Chelezo
Asanteni wakuu, naandika yote. Swali la Unguja bado liko palepale.

#14 Malindi Kwetu
Hilo niachieni mie. Bwana Chelezo, nchi moja lakini bandari si moja. Dar kuna TPA (mamlaka ya bandari) na TASAC (wasimamizi wa meli), Unguja kuna Shirika la Bandari Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, ZMA. Hawa hawafanyi kazi chini ya wale. Kibali cha kuondoka Dar kinasema chombo kimeruhusiwa kwenda Zanzibar, hakisemi Zanzibar imekipokea. Unatia nanga mbele ya Malindi, bandari ya Unguja mjini, unashuka, unaripoti. Na wasisahau bima ya wageni, dola 44, inadumu siku 92, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni anayeingia Zanzibar anaikata. Kuja kwa tanga hakukuondoi.

#15 Foromali
Mimi naona ni mapato tu. ZRA (mapato Zanzibar) wanataka chao, TRA (mapato Tanzania) wanataka chao, mgeni analipa mara mbili.

#16 Karani Mstaafu
@Foromali hapana. ZRA ni kodi za ndani za Zanzibar. Ushuru wa forodha Unguja unakusanywa na TRA hiyohiyo ya Dar, na sheria ni ileile ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Uhamiaji nao ni jambo la Muungano, pasi iliyogongwa Dar haigongwi upya kama kuingia nchini. Kinachobadilika ni bandari na usalama wa vyombo basi.

#17 Foromali
Basi mzee umejifunga mwenyewe. Kama forodha ni moja na uhamiaji ni mmoja, kwa nini forodha Malindi wanataka karatasi tena?

#18 Karani Mstaafu
Kwa sababu boti ya mgeni haijalipiwa ushuru. Imeingia kwa muda, iko chini ya macho ya forodha muda wote. Ikihama bandari, yule wa kwanza anamkabidhi wa pili. Wasipokabidhiana, boti inaweza kuuzwa kimyakimya Nungwi na Dar bado wanajua iko Msasani. Ni kama lori la transiti, hata likiwa ndani ya nchi linasomwa kila kituo.

#19 KusiKali
Kuna sababu ya tatu hamjaitaja. Kituo cha uokoaji baharini kiko Dar chini ya TASAC. Boti ikipotea kati ya Dar na Unguja, swali la kwanza ni iliondoka lini, na watu wangapi, na ilitarajiwa wapi saa ngapi. Kibali kikiandikwa vizuri ndicho kinachojibu. Kwangu mimi hii ndiyo sababu ya maana, hizo nyingine ni mafaili.

#20 Malindi Kwetu
KusiKali, ingekuwa uokoaji wangeuliza rangi ya tanga na namba ya redio. Wanaulizia chupa za pombe.

#21 Pweza Mkavu
😂😂😂 Malindi kamaliza.

#22 Mwana wa Feri
Nyote mnaipa akili nyingi. Mfumo umetengenezwa kwa meli ya tani 30,000 yenye wakala, na hakuna dirisha la yoti. Ofisa anapata boti ya watu wawili, anachukua fomu aliyonayo. Unguja hivyo hivyo. Tanga hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyekaa akasema "waanze upya", ni kwamba hakuna aliyeandika kwamba wasianze.

#23 Foromali
Hayo yote yataisha DP World, wale waendesha bandari wa Dubai, wakichukua mpaka Unguja.

#24 Dada wa Stoo
Mods ondoeni. DP World wako kwenye gati za mizigo Dar, yoti haihusiki nao hata kidogo. Turudi kwenye mada.

#25 Serahangi
Jambo linaloleta balaa kuliko hayo yote ni orodha ya mabaharia. Kwenye yoti hakuna abiria na baharia wanaojulikana kwa sare, kuna mume, mke, na mara nyingine rafiki aliyepandia njiani. Nahodha anaamua amwandike nani wapi, na uamuzi huo una miguu.

Ukimwandika rafiki kama abiria, linakuja swali: analipa? Kama analipa, hii ni boti ya biashara na ina leseni gani? Kwa hiyo wengi wanaandika wote mabaharia. Vizuri, mpaka rafiki anapotaka kurudi kwao kwa ndege kutoka Dar. Kwenye pasi kaingia kwa bahari, kwenye faili la boti ni baharia wa boti ambayo bado ipo. Uwanja wa ndege wanaweza kumwuliza kibali cha kuachia chombo. Na siku boti inaondoka, orodha ya kuingia ina watu watatu, ya kutoka ina wawili. Hapo ndipo siku inapokwisha.

Dawa yake ni kupeleka barua ya nahodha yenye muhuri uhamiaji bandarini kabla ya siku ya ndege: jina, namba ya pasi, tarehe anayoshuka, namba ya ndege. Ambatanisha kopi ya tiketi. Omba orodha mpya igongwe, na hiyo mpya ndiyo itumike kwenye kila karatasi ya mbele. Akipanda mtu mpya Dar, fanya hivyohivyo kabla ya kibali cha Unguja, siyo baada.

#26 Karani Mstaafu
Serahangi umesema kweli tupu. Naongeza moja: mpangilio wa majina ufanane kwenye kila orodha, namba 1 nahodha. Na jina liwe kama lilivyo kwenye pasi, majina yote. Mfaransa mwenye majina manne akiandika mawili, ofisa anahesabu watu wawili tofauti.

#27 Chelezo
Wao ni wawili tu lakini mtoto wao anakuja kwa ndege kuungana nao Dar kwenda Unguja. Kumbe hapo ndipo penye kazi. Shukrani sana Serahangi.

Cheti cha homa ya manjano je?

#28 Dada wa Stoo
Kinaulizwa kwa mtu anayetoka au kupitia nchi yenye ugonjwa. Mayotte haimo. Mtoto akija kwa ndege inayosimama Nairobi muda mrefu, awe nacho, Kenya imo. Wakiamua kubadili njia na kupitia Kilifi au Mombasa, basi wote wawe nacho.

#29 Topelamsasani
Sasa njooni kwenye maisha. Mambo ya ofisi yanagongana na maji ya bahari na hakuna anayewaambia wageni. Siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu) hapa kwetu maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yanakupwa saa nne. Saa nne asubuhi ndiyo saa ya ofisi! Kiboti cha mpira kinabaki kwenye mchanga na matope, mnakiburuta na mashine juu yake, viatu vya geti vimeshaloa. Wapange ofisi siku za maji mafu (maji madogo), wakati huo saa nne maji yako juu. Au washuke saa moja kamili kabla hayajaenda.

Nanga nayo. Tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua ni mita 3 na zaidi. Akitia nanga saa nne asubuhi kwenye mita 4 na kumwaga mnyororo mara tano, anahesabu mita 4 na 1.2 za omo (pua ya boti ilivyo juu ya maji), anatoa mita 26. Saa kumi jioni pale chini kuna mita 7.5, jumla 8.7, ule mnyororo umekuwa mara tatu tu. Upepo ukishika anaburuta. Ahesabu kwa maji makuu: 43 au 44.

#30 KusiKali
Naunga mkono. Wakati wa kusi Msasani pametulia kwa sababu rasi inakinga. Kaskazi likiingia Disemba, ghuba iko wazi upande wa kaskazini, boti inayumba usiku kucha. Na mkiwa Bongoyo au Mbudya ni hifadhi, kuna ada na nanga haitupwi kwenye matumbawe. Watafute mchanga.

#31 Mama Mtungi
Gesi ni eneo langu. Waambie wasahau kujaza mtungi wao wa Ulaya. Vali haziingiliani na za hapa, na hata za kampuni mbili za hapa haziingiliani. Wanunue mtungi wa kilo 6 pamoja na regulata yake dukani hapohapo, bomba la milimita 8 na klipu mbili. Mtungi ukae kwenye sanduku lenye tundu la chini linalotoa nje ya boti, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka mpaka ngamani, chini kabisa ya boti, inasubiri cheche. Paka maji ya sabuni kila kiungo, povu likikua panavuja. Wakiondoka wanauza mtungi, hautakosa mteja.

#32 Fundi Impela
Mama Mtungi, kuna vijana wanahamisha gesi mtungi kwa mtungi, mmoja unaning'inizwa juu, mwingine chini. Inafanya kazi na ni rahisi.

#33 Mama Mtungi
Inafanya kazi mpaka siku inayogoma. Mtungi haujazwi zaidi ya asilimia 80, ile nafasi ya juu ni ya gesi kutanuka kwenye jua. Wale vijana wanapima kwa kusikiliza. Halafu mitungi midogo ya buluu ya Wafaransa imetengenezwa kwa butane. Butane kwenye joto la 30 shinikizo lake halifiki baa 3. Propane kwenye joto hilohilo inakaribia 10. Ya hapa ni mchanganyiko. Hesabu mwenyewe.

#34 Fundi Impela
Kwenye hilo la butane nakubali. Kwa mtungi wa chuma wa propane, ukipima kwa mizani ya jikoni kilo kwa kilo, bado nasema sioni tatizo.

#35 Mama Mtungi
Uone au usione, fanyia ufukweni siyo kwenye boti ya watu.

#36 Fundi Impela
Haya 😄 Dizeli basi. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kama bei inashuka wasijaze Jumanne. Vituo vingi vinakataa dumu la plastiki, waende na madumu ya chuma. Dumu likifika botini likae usiku mzima, uchafu na maji yatulie, mimina kwa faneli yenye chujio la kutenga maji, na lita ya mwisho usiimimine. Tanki liwe limejaa, nafasi tupu inatoa jasho, jasho linakuwa maji, na kwenye mpaka wa maji na dizeli ndiko wanakoota wale wadudu weusi wanaoziba chujio.

Chujio la kwanza liwe mikroni 10 au 30. Wanaoweka 2 pale mwanzo wanaziba kila mara, ya 2 ni kazi ya chujio la kwenye injini. Ukibadilisha, legeza skrubu ya kutolea hewa, piga mkono wa pampu mpaka itoke dizeli isiyo na mapovu, kaza, ndipo uwashe.

#37 Foromali
Injini yao ikipata joto Msasani wajue ni taka za Msimbazi zimeziba.

#38 Topelamsasani
@Foromali jiografia tafadhali. Msimbazi unamwaga Selander, upande wa pili wa rasi. Taka za ghuba ya Msasani zinakuja na Mlalakuwa, hasa masika.

#39 Fundi Impela
Mto wowote, plastiki ni plastiki. Chujio la maji ya chumvi wafungue kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kama ni safi na joto bado linapanda, tatizo ni impela, ile feni ya mpira ya pampu ya maji ya kupozea. Hapa kuna jambo wengi wanaruka: impela ikitoka ina mapezi yaliyokatika, yahesabu. Ilikuwa na sita, umeshika na manne, mawili yako mbele kwenye bomba la kupozea na yatabaki yanaziba hata ukiweka impela mpya. Fungua kifuniko cha kipozeo uyatoe. Mpya ipakwe sabuni ya vyombo, ingiza ukizungusha upande ambao injini inazunguka. Waje na impela za akiba kutoka kwao. Kariakoo utapata kitu kinachofanana, lakini kipenyo, kimo na tundu la shafti vitapishana kwa milimita, na milimita hiyo inatosha kuvuta hewa. Boliti za chuma kisichoshika kutu watafute Gerezani, waulize daraja la 316.

#40 Serahangi
Mara nyingi si impela. Boti ikikaa wiki mbili Msasani bila kutembea, magamba yanaota ndani ya tundu la kuingizia maji. Apige mbizi na bisibisi.

#41 Fundi Impela
Inawezekana. Lakini tundu likiziba, chujio linabaki safi na maji hayaji hata ukifungua vali. Impela ikifa, ukifungua vali maji yanakuja kwenye chujio vizuri. Kipimo ni hicho.

#42 Dada wa Stoo
Maji ya kunywa: watu wawili wanaojibana lita 20 kwa siku. Tanki la lita 300 ni madumu 15, kila moja kilo 20 kwenye kiboti, yabebwe matatu matatu. Dawa ya klorini wafuate kibandiko cha chupa, na iwe isiyo na harufu wala sabuni. Kama wana mashine ya kugeuza maji ya chumvi, wasiisuuze kwa maji ya bomba moja kwa moja, klorini inaua utando wake wa kuchujia chumvi. Na wasiiwashe ndani ya bandari, mafuta ya juu ya maji yanaua utando uleule.

Nguo wampe dobi, kufulia kwenye ndoo botini kunakula lita 40 kirahisi. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya chumvi haikauki kamwe, chumvi inavuta unyevu. Mifuko ya plastiki waiache, Bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019, waje na vikapu.

#43 Chelezo
Mama mwenye boti anauliza choo. Pampu imekuwa ngumu.

#44 Serahangi
Chokaa. Mkojo na maji ya bahari vinatengeneza gamba ndani ya bomba. Nusu lita ya siki jioni, wapige pampu mara mbili ifike kwenye bomba, ilale humo, asubuhi wasuuze. Watu wa mafuta ya kupikia watakuja hapa, msiwasikilize, mafuta yanalainisha siku mbili na gamba liko palepale.

#45 Topelamsasani
Mafuta ya kupikia yana kazi yake, yanalainisha ringi ya pistoni. Siki ni ya gamba. Ni magonjwa mawili.

#46 Serahangi
Mpira wa vali unavimba kwa mafuta. Nimemaliza.

#47 Malindi Kwetu
Nyinyi wa choo endeleeni. Chelezo, Dar mpaka Unguja ni kama maili 40 za bahari. Kwa mwendo wa maili tano kwa saa ni saa nane. Waking'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi watafika saa nane mchana, wana saa moja na nusu ya ofisi. Wakiondoka saa mbili, watafika ofisi zimefungwa na watalala na bendera juu. Usiku wasitembee, kuna nyavu na ngalawa zisizo na taa.

#48 KusiKali
Kusi na mkondo wa pwani vyote vinakwenda kaskazini, watapata saa sita na nusu. Ila nawaambia: kibali waombe jana yake, na waandike "Zanzibar na Pemba" siyo "Zanzibar" peke yake. Bandari ya Mkoani, Pemba, wanaweza kukataa karatasi iliyoishia Malindi.

#49 Malindi Kwetu
Hapo sikubali. Kibali cha Pemba anakitoa Unguja, Dar hawezi kuandikia bandari mbili.

#50 KusiKali
Boti zimekwenda na karatasi ya bandari mbili na zikapita.

#51 Malindi Kwetu
Na nyingine zimerudishwa. Mwambie achukue cha Malindi, kisha aombe kingine palepale.

#52 Chelezo
Nitaomba cha bandari mbili, wakikataa nitachukua cha moja. Na Wesha, ile bandari nyingine ya Pemba, je, wanapokea yoti au ni Mkoani tu?